Fundi wa friji aliyelipoza gari la bibi harusi

Saa sita mchana, jua la Julai limesimama juu ya mtaa wa Biryogo, Kigali, na Saidati Mukandekezi amejifungia ndani ya gari. Vioo vyote vimepandishwa. Injini inanguruma. Wapita njia wanamwona mwanamke wa makamo, kitenge kimefungwa kiunoni juu ya ovaroli, amekaa kimya kwenye kiti cha ngozi nyeusi, kiganja chake kikiwa kwenye tundu la hewa kana kwamba anampima mtoto homa.

"Ule mama atajipika mule ndani," anasema mzee muuza mkaa wa upande wa pili wa barabara.

Saidati anafungua mlango. Anatandika gunia juu ya kiti, anamwita mzee huyo na kumwambia aketi. Mzee anaketi, mlango unafungwa. Punde si punde anatoka akijikumbatia mabega.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Humu iko baridi ya kule juu ya milima ya volkano!"

Saidati anacheka mpaka anashika kiuno. Ana haki ya kucheka. Gari hilihili, jekundu, la spoti, la milango miwili, lilimtoa jasho mbele za watu na nusura limnyang'anye mahali pake pa kazi.

Kusema kweli, kuuza baridi Kigali ni kazi ya mtu mwenye moyo. Huu ni mji wa vilima, usiku watu huvuta blanketi. Katika baa nyingi mhudumu humwuliza mteja kama bia anaitaka ya baridi au ya moto, na wengi, tena bila haya, hujibu ya moto.

"Bia ya moto ndiyo adui yangu," anasema Saidati, mama wa Rukia na wengine wawili, mwenye umri wa miaka 39. "Kila mtu akiipenda hiyo, mimi nitakula nini?"

Ufundi hakuupata darasani. Alikuwa akiosha makopo katika kiwanda cha maziwa, na kila mara fundi mmoja wa Bukavu alipokuja kuangalia chumba cha baridi, Saidati alimwandama kwa maswali. Hii paipu inakwenda wapi? Mbona hii ya moto na ile ina jasho? "Alichoka kunijibu, akanipa spana," anakumbuka.

Kiwanda kilipopunguza watu, naye alipunguzwa. Akaanza kutengeneza friji za majumbani. Kisha mwaka 1990 vita vikaanza kaskazini, gesi na vipuri vikawa adimu, na zipo nyumba mtaani Nyamirambo ambamo friji iliyokufa sasa ni kabati la nguo. Kuna wiki Saidati alipata friji mbili, kuna wiki hakupata hata moja.

Mahali pake pa kazi palikuwa kona chini ya paa la karakana ya Twagirayezu, fundi wa magari mwenye sauti kubwa na roho nzuri. Lakini kona isiyoingiza kitu humchosha hata mwenye roho nzuri. Mwezi Juni mwaka huu wa 1992 akamwambia wazi.

"Mama Rukia, wewe ni kama dada yangu. Lakini iko mtu wa kuchomea vyuma anaomba hapa. Ukipata kazi ya maana, baki. Ukikosa, nitampa."

Kazi ya maana ikaja ikiwa na magurudumu manne.

Mwenye gari ni Silvère Nizeyimana, mfanyabiashara wa mabati na misumari. Alilinunua miaka mingi iliyopita kwa Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao, akaishi nalo Ruhengeri hadi vita vilipomsukuma kuhamia Kibagabaga, Kigali. Binti yake, Gahongayire, alikuwa aolewe Julai, na alikuwa ameapa: ataingia kanisani kwa gari la baba yake, au ataingia kwa miguu.

Tatizo lilikuwa barabara. Kutoka Kibagabaga hadi kanisani Remera sehemu kubwa ni udongo, na kiangazi vumbi lake halina adabu. Ukishusha vioo, gauni jeupe linafika rangi ya tofali. Ukivipandisha, bibi harusi anafika amechemka. Kiyoyozi cha gari kilikuwepo, lakini kilipuliza hewa vuguvugu. Karakana moja baada ya nyingine ziliongeza gesi, na hewa ikabaki vilevile.

Twagirayezu alipoulizwa, alinyoosha kidole kwenye kona. "Mambo ya baridi, muulize huyu."

Saidati hakuwa amewahi kugusa kiyoyozi cha gari. Akapiga moyo konde. Asubuhi, chini ya paa, aliziba paipu iliyokuwa ikivuja, akajaza gesi, akatazama mshale wa kipimo. Kila kitu kilikaa sawa, kama friji. Silvère akaondoka meno yote nje.

Kabla ya adhuhuri alirudi, shati limemganda mgongoni.

"Mama, gari iko inapuliza moto! Umenifanyia nini?" alifoka katikati ya karakana, mafundi wote wakitazama.

"Niliona haya mpaka kwenye nyayo," anasema Saidati. "Na kosa lilikuwa langu. Friji inakaa jikoni, haipandi mlima. Nililipima gari kivulini, limesimama, injini bado haijapata moto. Nilipima friji, sikupima gari."

Wengine wangerudisha kazi na kuomba radhi. Yeye aliomba lifti. Alimwambia Silvère ampeleke kwa gari hilo juani, mlima kwa mteremko, vioo juu, na kiyoyozi kimezimwa kabisa. Silvère alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili, lakini alimpeleka.

Njiani Saidati alivua viatu.

"Feni imezimwa, kompresa imezimwa, na bado miguu inaungua. Nikajiuliza, moto huu ni wa nani?"

Waliporudi aliufuata moto huo kwa vidole, kutoka chini ya dashibodi hadi kwenye injini. Hapo alikuta bomba dogo la shofaji, linaloruhusu maji ya moto ya injini yapite ndani kuwapasha joto abiria. Lilitakiwa liwe limefungwa. Badala yake lilikuwa limekazwa kwa waya, wazi moja kwa moja, na waya wenyewe umeshika kutu.

Silvère aliinama, akautazama ule waya. Kisha akajipiga paji la uso.

"Ni mimi! Kule Ruhengeri asubuhi unaganda. Kebo ya shofaji ilikatika, nikamwambia fundi: funga na waya, moto ikuje siku zote. Nimesahau kabisa!"

Karakana nzima ilivunjika mbavu. Kwa miaka yote hiyo gari lilikuwa likipoza na kupasha hewa ileile.

Kukata waya haikuwa mwisho. Saidati aling'oa rejeta, akaosha wavu wa kiyoyozi wa kutolea joto uliokaa mbele yake, ambao udongo mwekundu ulikuwa umeuziba kama ukuta. Akaongeza feni aliyoitoa kwenye basi dogo bovu, ili hewa ipite hata gari likitembea polepole. Mipira ya kupitishia baridi akaivisha sponji ya godoro na kuifunga kwa vipande vya tyubu. Mara hii kipimo kilikuwa jua la mchana, naye mwenyewe ndani ya gari. Ndiyo siku ile ya muuza mkaa.

Jumamosi ya harusi, alisimama kwenye lango la kanisa Remera tangu mapema. Msafara wa harusi huenda mwendo wa konokono, honi juu, na hakuna kitu kinachokitesa kiyoyozi kama mwendo huo. Magari ya mbele yalifika vioo vikiwa chini, wanawake wakijifuta vumbi kwa leso.

Gari jekundu likasimama. Mlango ukafunguka. Gahongayire akashuka, gauni jeupe pee, na juu ya mabega yake koti la suti la baba yake.

"Papa, nani ameweka barafu mule?" alisema, meno yakigongana. "Nimeganda!"

Silvère, aliyebaki na shati tu, aliangua kicheko na kumwonyesha Saidati kwa kidole. Wageni wakapiga makofi. "Nililia kama mimi ndiye mama wa bibi harusi," anasema Saidati. "Malalamiko matamu kama yale sijapata kuyasikia."

Tangu hapo magari yanapanga foleni Biryogo, na Twagirayezu amemwambia kona ni yake daima. Saidati ameshukuru, na amekataa. Silvère amempangisha chumba cha mbele katika ghala lake, barabarani kabisa, na mwezi ujao Saidati anahamia huko. Anataka kuweka magari upande mmoja, na upande wa pili ajenge chumba cha baridi kwa wanawake wanaouza maziwa, yasiwachachie.

Kibao tayari kiko kwa mchoraji. Hakitaandikwa Mama Rukia.

"Jina langu lote, Saidati Mukandekezi," anasema. "Na chini yake maneno mawili: baridi ipo."