Mama Aliyemfundisha Mwanawe Kuogopa Radi

Saa nane mchana, wingu jeusi limeshuka juu ya kijiji cha Mollo mpaka watu walio kwenye foleni ya mashine ya kusaga wanaongea kwa kunong'ona. Fortunata anamimina debe la mahindi, anapiga bati kwa kiganja ili punje zishuke. Mikono iko kazini, macho hayapo. Yako ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha la nyumba yake.

Ngurumo ya kwanza inapita. Wanawake wawili wanajitwisha ndoo zao na kuondoka na mahindi yao mazima. Fortunata anashika nguzo. Miguu inataka kukimbia, lakini haendi.

"Mama Justa, si uende tu ukamwone mtoto?" jirani yake, Klementina, aliyejikunyata kwenye magunia, anamwambia Fortunata.

"Nikienda nimemharibu. Niache nisage."

"Mh! Wewe na yule dokta wako mmelishana nini?"

Anayesikia hayo atadhani mama huyu ana roho ngumu. Wala. Miaka mitatu iliyopita hakuna aliyekimbia kumshinda, na ndiyo sababu amekubali habari zake ziandikwe gazetini: wazazi wengine wasifanye alivyofanya yeye.

Fortunata ana miaka thelathini na minane na elimu ya darasa la saba. Mashine anayoiendesha ilikuwa mali ya chama cha ushirika. Ushirika ulipokufa akainunua Mzee Felisiani, na vijana wake walipoikimbia kwenda kuuza mitumba mjini Sumbawanga, akamwita Fortunata. Analipwa shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi, pamoja na pumba za nguruwe wake wawili. Mumewe alifariki Justa akiwa bado ananyonya. Mtoto ni huyo huyo mmoja.

Januari 1998, mwaka ule wa mvua za El Nino, radi ilipasua mkaratusi nyuma ya darasa alilokuwamo Justa. Watoto sita walianguka. Kwa rehema za Mungu wote waliamka, ila Justa alikaa siku mbili bila kutoa neno.

"Nilisema huyu simpotezi," anakumbuka Fortunata. "Tangu siku ile, wingu likikusanyika tu, nazima mashine, nakimbia. Namvua sweta jekundu. Kioo nakifunika kwa khanga, sufuria nazisukumia uvunguni. Halafu namlaza chini na godoro juu yake, namwambia usiongee, isije ikatusikia."

Hivyo ndivyo alivyofanya mama yake, na bibi yake kabla ya hapo. Hakuona kosa.

Lakini mtoto akawa anazidi kuharibika. Kufikia Machi alikuwa haendi shule mawingu yakionekana. Masika yaliyofuata, hata bati likialika kwa jua, au lori likipita na mapipa matupu, Justa alikuwa ameshaingia uvunguni. Majirani walisema ametupiwa kitu. Fortunata aliuza mbuzi wanne kwa mganga, na ngurumo iliyofuata ilimkuta mtoto pale pale chini ya kitanda.

Dokta Polikarp alifika mwishoni mwa 1999. Alikuwa na fedha za wafadhili wa nje za miaka miwili, za kuchunguza namna ubongo unavyojifunza hofu na namna unavyoweza kujifunza kuiacha. Aliandikisha watoto arobaini wa Mollo na Mpui. Vifaa vyake vilikuwa saa ya kuhesabia mapigo ya moyo, madaftari, na redio kaseti yenye ngurumo alizozirekodi mwenyewe.

Fortunata alipewa kazi ya kuandika daftari kila Jumamosi, maana mwandiko wake unasomeka. Wiki ya kwanza sauti ilikuwa ndogo kama paka anayekoroma. Mtoto anakaa, anasikiliza, mapigo yanahesabiwa mpaka yashuke. Wiki inayofuata, sauti inapanda kidogo.

Klementina alikuja mbio siku ya kwanza. "Zimeni hiyo! Mnaiita wenyewe? Ikija haitachagua nyumba!"

"Mama, hii haina anwani ya mtu," dokta alimjibu. "Ni ya mwaka jana."

Watoto walicheka, na Justa naye. Kicheko chake mama yake alikuwa hajakisikia tangu El Nino.

Siku hiyo hiyo dokta alimweleza Fortunata jambo lililomnyima usingizi. Ndani ya kichwa, alisema, upande huu na upande huu, kuna sehemu ndogo kama punje ya haragwe, inayotuambia tuogope nini. Inajifunza haraka sana, na mtoto hujifunza zaidi kwa kumtazama aliyemzaa.

"Radi ilimtia hofu mara moja, Mama Justa. Wewe umeirudia mara ngapi?"

Fortunata alilia. Dokta hakumfokea. Alimwambia radi ni ya kweli na inaua: mtoto asikae chini ya mti, asisimame uwanjani, aingie ndani na asishike chuma. Hiyo ni hofu ya kumlinda. Lakini akishaingia ndani, akabanwa na godoro na mama anayetetemeka, ubongo wake haupati nafasi ya kuona kuwa ngurumo inapita na yeye yupo. Unachojifunza ni kuwa bila mama angekufa.

"Tena akasema hofu haifutiki kama chaki," anaeleza Fortunata. "Ubongo unajifunza jambo jipya, unaliweka juu ya lile la zamani. Ukiacha katikati, la zamani linarudi. Hapo ndipo inaponiuma, maana tumeachwa katikati."

Wageni wa wafadhili walikuja kukagua mradi mwezi Julai mwaka huu. Mtu wa Ufipa anajua Julai ni baridi na upepo, ngurumo hazipo. Walikuta watoto wanacheza mpira chini ya mbingu nyeupe. Waliuliza, watoto wenye hofu wako wapi? Dokta aliwaomba warudi Desemba. Waliandika kwamba tatizo ni dogo, fedha zikaenda kwingine. Kati ya watoto arobaini, waliomaliza mazoezi ni kumi na mmoja. Justa hayumo.

Wiki iliyopita matokeo ya darasa la saba yalitoka. Justa amechaguliwa sekondari ya bweni Kaengesa. Januari ndiyo kuripoti, na Januari ndiyo ngurumo zenyewe. Akishindwa kulala chini ya bati la bweni bila mama, atarudishwa nyumbani, na shule itakuwa imeishia hapo.

Mvua ya leo inakatika saa tisa na nusu. Msichana wa miaka kumi na mitatu anavuka barabara akiruka madimbwi, sufuria mkononi.

"Shikamoo mama Klementina. Mama, maharage yameungua."

"Ulikuwa wapi yakaungua?" Fortunata anauliza.

"Nilikuwa pale pale jikoni. Nilikuwa nahesabu mapigo, nikasahau maji. Yalifika mia na thelathini, yakashuka. Niliogopa, ila uvunguni sikuingia."

"Basi leo mtakula mkaa," anasema Klementina, na anageuka kujifuta macho.

Fortunata hatangazi ushindi. Siku moja si masika yote. Wiki hii ameandika barua kwa wafadhili, kurasa mbili kwa mkono, na dokta ameituma pamoja na ombi jipya la fedha. Amewaambia waje Januari, walale Mollo, wasikie wenyewe. Majibu hayajaja.

Ombi hilo lina jambo ambalo la kwanza halikuwa nalo. Linataka kuchunguza na wazazi, maana mtoto akipona akarudi kwa mama anayetetemeka, kazi inaanza upya. Wazazi ishirini wameshajiandikisha.

"Yeye nadhani atalala bwenini," anasema Fortunata, akipangusa unga kwenye kope. "Mimi ndiye sijui nitalalaje. Orodha niliiandika mimi. Jina la kwanza ni langu."