Kofia Niliyoivua Mbele ya Wakwe

"Tuvue kofia tuombe," akasema mzee wa kanisa. Wanaume wote wakavua. Mimi nikabaki na yangu.

Ilikuwa siku ya mahari ya binti yangu, hapa kwangu Ruring'u, na wakwe walikuwa wametoka Chaka. Mjomba wa kijana anayemuoa akanitazama. "Mkwe, ata Mungu unamficha kichwa?"

Nikavua. Maombi yakaisha, kisha yule mjomba akapasuka: "Ai! Hii ni kichwa ama ni nasari ya miche ya vitunguu?" Wakacheka, ata ndugu yangu wa tumbo moja. Binti yangu akaingia jikoni, na hakutoka tena mpaka wageni walipoondoka.

Aliyenipandia vitunguu ni daktari wa Nairobi, miaka ya themanini, nikiwa kijana wa kuuza nguo Nyeri mjini na upara umeanza kuninyemelea. Alitoboa kisogo kwa chuma cha mviringo, akatoa vipande vya ngozi vyenye nywele, kila kimoja kama punje ya harage, akavipanga mistari juu ya paji. "Hizi hazitoki kichwani mpaka uzeeni," akaniambia. Kweli hazikutoka. Zilizotoka ni zangu za kuzaliwa, zilizokuwa zikificha mistari. Vikabaki vishungi peke yake, vigumu kama brashi ya viatu. Nikanyoa kipara, ikawa mbaya zaidi: vinundu vyeupe mbele, makovu kisogoni.

Juzi nimepata daktari mwingine, mama mpole. Anang'oa vishungi, anagawanya nywele moja moja, anazipanda kwenye mapengo. Paji limelainika kidogo. Lakini katikati mashimo yamebaki. "Baba, sina cha kupanda," akaniambia. "Aliyetangulia alimaliza kisogo."

Sasa harusi imekaribia, na mwanamume haingii kanisani na kofia. Jana binti yangu akaniambia polepole, "Baba, wewe vaa tu. Nitaongea na pasta." Kicheko cha wakwe hakikuniuma hivyo.

Daktari wa Nairobi, najua ungali hai, na kibao chako bado kiko mlangoni. Ulijua nywele zangu zitaendelea kutoka, ama hukujua? Kama ulijua, mbona hukusema? Kama hukujua, nani alikupa ruhusa ya kunishika kichwa? Njoo siku ya harusi. Nivue kofia kwa mkono wako, kisha uwajibu wakwe zangu, mimi nikiwa nimesimama hapo nasikia.