Njia ya Mkato Kwenye Ngitili ya Bibi

Mwezi uliopita mwanangu alikuja na familia yake kutoka Dar, akanichukua nyumbani kwangu Kalangalala, hapa Geita, akasema likizo hii tunakwenda wote Samuye, alikozaliwa baba yangu, watoto waone walikotoka. Sikubishana. Asubuhi ya kwanza huko mkwe wangu, mke wa mwanangu, akatoka uani na suruali ya kubana, akaanza kuruka na kuchuchumaa, mpaka mpita njia akasimama kuuliza kwa upole kama mgeni wetu ameumwa na nge. Mkwe akasema hataki likizo imnenepeshe. Binti yake wa miaka kumi, mjukuu wangu, anavaa saa inayohesabu hatua. Jioni ikifika hatua hazijatimia, anazunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga. Nilicheka, kisha nikamkumbuka mtu mwingine aliyekuwa akizunguka pale pale.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Gesti yangu ya Geita nimeijenga kwa kuwapikia ugali wachimbaji, na sijawahi kumlipa mtu anifundishe kutembea. Kutembea nilifundishwa likizo.

Baba yangu alikuwa fundi viatu Tinde. Shule ikifungwa ananituma Samuye kwa mama yake, kwa miguu, kichwani nina kifurushi cha chumvi na sukari. Unafika, bibi anakupa kibuyu cha maziwa mgando, na kabla midomo haijakauka unaonyeshwa ndoo ilipo. Maji, kuni, kutwanga mtama. Tunaanika michembe juu ya mwamba, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa, harufu yake tamu mpaka nyuki wanakuja. Jioni tunaruka kamba ya katani mpaka vumbi linatufunika. Hiyo ndiyo ilikuwa kupumzika.

Lakini kilichonikosesha raha ni matembezi ya bibi. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, anachukua fimbo na kuondoka kuelekea magharibi, na jua likipanda kidogo anarudi akitokea upande mwingine. Hana kuni, hana maji, hana mboga. Mtu mzima anatembea bure? Nilipomuuliza alisema anakwenda kusalimia majani. Jibu hilo ndilo lililonimaliza kabisa. Siku ya tatu nikamfuata.

Alikuwa anazunguka ngitili. Kwetu ngitili ni kipande cha malisho unachokifunga mvua zikiisha, mfugo wowote usiingie, ili kiangazi kikikaza ndama na mama zao wapate pa kula. Ya bibi haikuwa na seng'enge wala ua wa minyaa. Mpaka wake ulikuwa kijia chembamba kilichokanyagwa na miguu yake tangu alipoolewa, na kila mchungaji alijua kwamba ng'ombe wanaishia kwenye kijia. Kisipokanyagwa, nyasi zinakifuta, na mpaka umekufa.

Mwaka uliofuata bibi alichomwa na mwiba wa mgunga, mguu ukavimba kama mtungi. Akanipa fimbo. Wewe ungeniona nilivyotembea siku hiyo ungedhani nimepewa uchifu. Siku mbili nilizunguka sawasawa. Siku ya tatu nikaanza kuitazama ile pembe ya mbali, penye kichuguu, jinsi inavyorefusha safari, na nyumbani michembe ya kuchemsha inapoa. Nikapita katikati. Kesho yake tena. Nyasi kavu hazichelewi kulala, na haikupita muda palikuwa na kijia kipya kilichonyooka vizuri.

Asubuhi moja nikakuta ng'ombe wa jirani wamejaa kwenye ile pembe, majani yameliwa mpaka udongo unaonekana. Nilirudi mbio nikamwambia bibi kwamba jirani ametuvamia. Zaidi ya hapo sikusema.

Bibi akashtaki kwa wazee, nao wakaja kuangalia, yeye akichechemea nyuma yao. Kuvunja ngitili ya mtu halikuwa jambo dogo. Familia nzima inatengwa, hakuna anayewapa moto wala anayefika msibani kwao, mpaka watoe ng'ombe. Jirani, mzee mpole aliyekuwa akituchongea mipini ya majembe, alivua kofia.

"Mimi nimefuata njia," alisema. "Njia si hiyo hapo? Kama mmeihamisha mngeniambia."

Mzee mmoja akainama, akapima unyayo kwa kiganja. Akasema huu ni mguu wa mtoto, na jirani ana watoto wachungaji, huenda amewatuma kuchora mpaka mwingine. Jirani aliinama naye, akauchungulia ule unyayo.

"Ni wangu," nikasema. "Nilichoka kuzunguka."

Hakuna aliyenipiga. Jirani akavaa kofia, akaniuliza kama anishukuru mimi kwa majani au amshukuru bibi. Wazee wakacheka. Bibi hakucheka.

"Miguu yako imegawa malisho yangu," aliniambia. "Kesho tunazunguka wote."

Tulizunguka wote mpaka likizo ikaisha, mimi mbele, yeye nyuma na mguu wake uliofungwa majani. Nilipokuja likizo nyingine nilikuta kigingi cha ndama wa bibi kimesimama peke yake uani. Mvua zilikuwa zimechelewa, na majani yaliyobaki hayakumfikisha ndama.

Basi mwezi uliopita nikamwambia mjukuu alete saa yake, maana miaka yote hiyo nilitaka kujua mzunguko wa bibi ulikuwa hatua ngapi. Tukatoka, yeye, mama yake na mimi. Ngitili hakuna. Kuna mabua ya mahindi, nyumba za bati, mnara wa simu. Niliongozwa na ule mwamba wa michembe na jua tu, tukipita viwanja vya watu na kuomba njia, shikamoo huku, mwangaluka kule. Kichuguu kimebaki nusu, udongo wake wamefyatulia tofali. Goti linaniuma, mkwe wangu anahema na suruali yake. Mjukuu akanyoosha kidole katikati ya mabua.

"Bibi, tukikatiza hapa tunafika haraka."

Nikamwambia hapana. Tukaenda mpaka kichuguuni, tukakizunguka.

Saa ikalia kabla nyumba haijaonekana. Hatua zake za siku nzima zimetimia, na bibi yangu enzi zile, akifika hapo, alikuwa hajawasha hata moto. Mjukuu akauliza kama sasa tunaweza kupumzika. Nikamwambia bado, mpaka haujafungwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona mabua tu, akataka kujua mpaka wa nini.

Nikaanza kumweleza, tukitembea, kuanzia kwa ndama.