Koti la Viraka Saba

Kabla sijaeleza tulichofanya, yafaa nieleze jinsi mambo yalivyokuwa. Katika miaka ya sabini, sisi tusio na televisheni nyumbani tulikuwa na moja tu ya kutegemea mjini Kisii, ile ya ukumbi wa jamii, iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Mara moja kwa juma mlinzi alilifungua sanduku hilo, akaizungusha antena mpaka chenga zikapungua, nasi tukatazama mchezo wa vichekesho ulioanza miaka michache baada ya Uhuru. Hakuna aliyedhani ungedumu kiasi kile. Mhusika wake mkuu alikuwa mzee mbishi aliyevaa koti lile lile kuukuu, kipindi baada ya kipindi. Mlango ulipofunguka na koti likaonekana kabla ya uso, ukumbi mzima ulikuwa umekwisha kucheka.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, mwenye mazoea ya kuandika kila nilichokiona. Nilikuwa na daftari ambamo, kwa miaka kadhaa, nilichora mavazi ya wahusika wote: upana wa kola, idadi ya vifungo, mahali pindo lilipofumuka. Koti la yule mzee lilikuwa na viraka saba. Nilijua kila kimoja kilipo.

Dada yangu mkubwa alikuwa fundi wa cherehani huko Keroka, kwenye baraza ya duka la watu. Tangu aanze kazi alikuwa hajashona karibu chochote ila sare za shule. "Mikono yangu inajua rangi mbili," alikuwa akisema, "buluu na kaki." Alichokitaka duniani ni chumba kimoja. Mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kisii, Mwislamu wa makamo aliyerithi duka kwa baba yake, alikuwa na chumba chenye dirisha la barabarani, na alitafuta fundi wa kuketi humo abuni nguo mpya kwa vitambaa vya duka. Dada alipomwendea, alijibiwa bila kuzungushwa: "Mama fundi, sare naziona kila asubuhi. Nionyeshe kitu kilichotoka kichwani mwako, na chumba ni chako."

Wazo la kushona mkusanyo wa mavazi ya kuuadhimisha ule mchezo lilikuwa langu. Yangekuwa mavazi sita, yaonyeshwe ukumbini Jumamosi alasiri, na mfanyabiashara aketi mstari wa mbele.

Dada alifanya kazi kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alifungua daftari langu kwenye ukurasa wa gauni la mke wa mzee, akauliza, "Lina rangi gani?"

"Halina. Televisheni ile haina rangi."

"Basi rangi nitalipa mimi." Akalikata katika kitambaa cha kijani cha jani changa la chai, mikono akaitia ukingo wa njano. Shati la mkwe alilifanya jekundu. Suruali fupi ya mtumishi aliipa mistari ambayo hakuna mtumishi aliyewahi kuwa nayo. Sikumzuia.

Tulipofika kwenye koti, nilimzuia.

"Hili nitalishona jipya," alisema, "umbo lile lile, bila viraka. Watu watalijua tu."

"Bila viraka si lenyewe."

"Mwalimu, hapa kwetu mtu mwenye kiraka ni mtu asiye nacho. Nani atalitamani?"

"Wanalipenda kila juma, dada. Umesikia wanavyocheka."

Alichukua mkasi, akakata viraka saba kwa vipimo vyangu. Kimoja, cha kiwiko, alikikata kwenye gunia la kahawa kama nilivyochora. Nikapanga koti litoke mwisho, baada ya nguo zote, kwa kuwa niliamini ndilo kilele.

Tulihitaji mzee wa kulivaa, tukaenda kwa baba. Alikuwa ameketi nje akimenya mahindi. Alilipokea koti, akaligeuza ndani nje, akakigusa kile kiraka cha gunia.

"Mama yenu alitumia uzi mweusi," alisema. "Nyinyi mmetumia wa kahawia."

Ndipo nilipokumbuka, na nashangaa hadi leo kwamba nilihitaji kukumbushwa. Mwishoni mwa miaka ya hamsini baba alirudi kutoka mashamba ya chai ya Kericho na koti alilopewa na mnyapara wake, akalivaa hadi nilipomaliza shule, na mama akalitia viraka kila lilipopasuka. Nilikuwa nimeacha kuliona muda mrefu kabla halijachakaa kabisa.

"Tata, kama hutaki, tutatafuta mwingine," dada alimwambia.

"Utapata kile chumba nikilivaa?"

"Huenda."

"Basi nitalivaa."

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Gauni la kijani lilipotoka, wanawake walisimama. Mfanyabiashara aliliomba lipite tena, akalishika pindo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mke wa mwalimu mwenzangu aliuliza kwa sauti kama angeweza kulinunua pale pale. Kama mambo yangeishia hapo, chumba kingekuwa chetu.

Kisha baba akatoka. Kicheko cha kwanza kilikuwa kile tulichokitarajia, nami nikatabasamu. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mzee, hicho cha mgongoni ni kiraka au dirisha?" Mwingine akamjibu, "Ni mlango, panya wameingilia hapo!" Watu wakafurahi. Ndipo mama mmoja wa Keroka, aliyetufahamu tangu utotoni, akashika shavu akasema, "Jamani! Si ndilo koti lake lile alilokuwa akija nalo sokoni? Kumbe hajalitupa!"

Kicheko kikazidi, lakini hakikuwa tena cha mchezo. Baba alitembea hadi mwisho wa ukumbi kama alivyoelekezwa, akageuka, akarudi kwa mwendo ule ule. Hakuharakisha. Dada alikuwa amesimama kando ya pazia, pini bado zimo mdomoni.

Mfanyabiashara alikuwa amecheka pamoja na wengine, kwa nia njema. Alipotufuata nje uso wake ulikuwa umetulia.

"Kazi yako ni safi, mama fundi. Gauni lile sijaona mfano wake. Lakini mji mzima utalitaja koti, hawatalitaja gauni. Mimi nauza vitambaa vipya. Nikikuweka dirishani, watasema nimeanza kuuza kafa-ulaya." Hilo ndilo jina tulilozipa nguo kuukuu zilizotoka ng'ambo.

"Naweza kulifumua leo hii," dada alisema.

"Wameshaliona," alijibu.

Nilitaka kumwambia kwamba wazo la koti lilikuwa langu, na mpangilio pia. Nilikuwa bado natafuta maneno yaliyo sahihi alipoaga.

Baba alilivua koti barabarani, akalikunja vizuri, bitana nje, akamkabidhi dada. Hakuniangalia.

Chumba kile alipewa fundi wa saa. Dada yangu alirudi Keroka, akashona sare za buluu na za kaki kwenye baraza ile ile hadi macho yake yaliposhindwa kuuona uzi.