Siku Baba Alipofuta Udaktari Wangu

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka katikati ya wiki, na kufikia Jumapili nilikuwa daktari tayari. Mimi mwenyewe nilipata habari hizo kanisani, nikiwa nimekaa kwenye benchi pamoja na wasichana wengine, kama muumini yeyote yule.

Kwetu, upande wa Endebess, kanisa letu lina desturi yake. Mtoto akipita mtihani, mzazi husimama wakati wa matangazo, baada ya habari za wagonjwa na kabla ya sadaka, akasema mtoto amepata nini na anaenda kusomea nini. Kutaja gredi peke yake hakutoshi. Watu wanataka kujua watakuita nani, maana kuanzia siku hiyo jina lako la nyumbani linawekwa kando. Tuna kijana anayeitwa Injinia tangu kabla hajaliona hata geti la chuo. Tuna dada mmoja aliyetangazwa kuwa Wakili, akaacha masomo, akafungua duka la nguo Kitale mjini, na mpaka leo ukienda kununua sketi unamwambia, "Wakili, si upunguze kidogo." Ukishatangazwa, umetangazwa.

Basi Baba akasimama. Ni mtu mrefu, mkulima wa mahindi, mzee wa kanisa, na ana sauti isiyohitaji maikrofoni. Akataja gredi yangu. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Halafu Baba akavuta pumzi, akasema, "Na huyu atakuwa daktari."

Ati daktari! Nani aliniuliza? Nilimgeukia Mama, naye akawa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake, kitu ambacho hakikuwemo.

Mimi nilikuwa nimeshachagua kitu changu tangu kidato cha tatu. Nilisoma shule ya bweni Bungoma, na siku moja mwalimu wetu wa hesabu aliingia darasani na kikombe cha chai, akakiweka mezani. Akauliza tutajuaje chai hiyo itakuwa na joto kiasi gani kengele ikilia, bila mtu kuigusa. Wenzangu walitaka kujua kama ina maziwa. Mwalimu akaandika mstari mmoja ubaoni, akatwambia chai ile itapoa kwa kufuata mstari huo, itake isitake. Kengele ilipolia, akaweka kipimajoto ndani ya kikombe, nacho kikaonyesha joto lile lile lililotajwa na mstari. Jamani! Nilishangaa hadi nikachelewa chakula cha mchana, na shule ya bweni hakuna anayechelewa chakula kwa hiari. Kwamba kitu kinachobadilika unaweza kukiandika mahali pamoja, halafu kikakwambia kesho kitakuwaje! Nilipomuuliza mwalimu watu husomea wapi mambo hayo, akasema chuo kikuu, na kozi yenyewe inaitwa hisabati tumizi.

Lakini sasa nilikuwa daktari. Majirani walinisimamisha njiani kunionyesha vidonda. Hayo ningevumilia. Kilichoniuma ni Baba mwenyewe. Mimi nina jina la mama yake mzazi, aliyefariki kabla sijazaliwa, na kwa hiyo tangu utotoni Baba hakuwahi kuniita kitu kingine ila Mama. "Mama, umekula?" "Mama, hebu lete jembe." Baada ya Jumapili ile akaanza, "Daktari, umekula?" Alilisema kwa furaha, akilirudia hata pasipohitajika, na mimi nilikuwa nikiitika huku moyo umenishuka.

Wakati wa kuchagua kozi ulipofika, niliweka udaktari wa kwanza na hisabati tumizi chini yake. Baadaye likafunguliwa dirisha, yaani siku chache za kubadilisha kozi mtandaoni. Ningeweza kubadilisha kwa simu nikiwa jikoni nachochea ugali, na hakuna ambaye angejua mpaka majibu yatoke. Sikuweza. Kumwacha Baba agundue mbele za watu kwamba alitangaza kitu ambacho hakipo, hapana. Nilimweleza Mama. Akasema, "Ongea na yeye. Lakini si leo." Kesho yake pia ilikuwa si leo. Ulikuwa msimu wa kupanda, na Baba akiwa shambani haongeleshwi.

Tena tulimjua. Baba akisema neno, limesemwa. Mwaka mmoja aliwaambia wakulima wenzake kwamba mvua itachelewa. Mvua ikaja mapema, ikamnyeshea kichwani, naye akasimama pale pale akisema hiyo bado si mvua. Tulipanda wa mwisho kijiji kizima.

Siku chache kabla ya dirisha kufungwa, akanipeleka Bungoma kwa shangazi, dada yake mkubwa, ndiye binadamu pekee ambaye Baba hubishana naye kwa sauti ya chini. Alitaka shangazi amwone daktari wake. Tulimkuta ameanika mahindi uani, kwenye turubai, maana dumuzi, wale wadudu wanaotoboa punje, walikuwa wameanza kuingia ghalani. Kunitazama tu, akakunja leso aliyojifunga mpaka gotini.

"Karibu, daktari wetu! Hebu angalia hili goti kwanza, chai itakuja."

Nikaliangalia lile goti. Halafu mdomo wangu ukasema wenyewe, "Shangazi, mimi sitaki kuwa daktari."

Baba akavua kofia, akaivaa tena.

"Unataka kuwa nini?" akauliza.

"Nataka kusomea hisabati tumizi."

"Tumizi? Kwani zile zingine hazitumiki?"

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. Baba hakucheka. "Ukimaliza unakuwa nani? Watu wanakuita nani?"

Ningesema nini? Kuna mtu wa kazi hii katika mabenki, katika bima, katika hospitali zenyewe, katika ofisi zinazotabiri mvua, lakini hana jina moja la kuitwa njiani. Nikasema sijui. Baba akatikisa kichwa, akapiga hatua hadi kwenye turubai, akainama. Hana uwezo wa kupita mahindi yaliyoanikwa bila kuyauma. Akaokota punje, akaiuma, akasikiliza mlio wake kwenye meno.

"Haya bado," akamwambia dada yake. "Mahindi haya, bana. Siku za kwanza yanakauka mbio, unafurahi. Ikibaki kidogo tu, yanakaa hapo hapo, yanakataa."

Maneno hayo nimeyasikia kila mavuno ya maisha yangu. Nikasema, kwa sauti iliyonishtua mimi mwenyewe, "Kwa nini yanakataa, Baba? Si huuliza kila mwaka? Hicho ndicho ninachotaka kwenda kusomea!"

Akageuka. Nikamweleza habari za kile kikombe cha chai. Nikamwambia chai inavyopoa na mahindi yanavyokauka ni ndugu, mwendo wao ni mmoja: vyote viwili huanza kwa kasi, halafu kasi inapungua kadiri safari inavyofika mwisho. Maji ya nje ya punje huondoka upesi, yale ya ndani yameshikwa. Mtu akiujua mwendo huo vizuri, akaweka na jua na upepo, anaweza kusema mahindi yatakuwa tayari lini, na kama mvua itayakuta uani au ghalani.

Baba akageuza ndoo, akaikalia. "Endelea."

Nikaendelea. Nilikuwa nimepanga miaka yote minne kichwani, usiku mwingi nikiwa nimelala chali. Mwaka wa kwanza nitashika misingi, kalkulasi na aljebra, na sitaogopa hata wanaume wakijaa darasani. Wa pili nitajifunza takwimu, na kuiandikia kompyuta programu, kwa sababu kuna hesabu ambazo mkono hauzimalizi. Nikamwambia hata likizo nitafanya nini. Nikamwambia mwaka wa nne kuna kazi ya utafiti ambayo mwanafunzi huchagua mwenyewe, na mimi ningechagua ghala letu.

"Na hii ya mahindi kukataa, utaifikia mwaka gani?"

"Wa tatu."

"Wa tatu," akarudia, kama mtu aliyeahidiwa ugeni. Mpaka leo, nikiwa mwaka wa pili, akipiga simu huuliza kama wa tatu umefika.

Lakini siku ile hakusema ndiyo. Aliuliza tu dirisha linafungwa lini. Nikamwambia Jumatatu. Akasema, "Basi usiguse kitu mpaka Jumapili ipite." Nikajua nimeshindwa. Shangazi alinifinya mkono wakati wa kuagana, na njia yote ya kurudi nyumbani Baba hakuniita Daktari, wala hakuniita Mama. Hakuniita chochote.

Jumapili nilikwenda kanisani kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayebaki. Habari za wagonjwa zikasomwa. Mchungaji akataka kuingia kwenye sadaka, na Baba akasimama. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Nilimwangalia nikatamani ardhi inimeze, maana nilidhani amekuja kupigilia msumari.

"Mlinisikia hapa nikisema huyu mtoto atakuwa daktari," akasema. Sauti ilikuwa ya chini, kwa mara ya kwanza watu wa nyuma wakalazimika kuinama mbele. "Nilikosea. Yeye hakukosea. Mimi ndiye sikumuuliza. Anakwenda kusomea hisabati, na amenieleza miaka yote minne, na mimi mwenyewe nangojea wa tatu."

Wengine wakapiga makofi nusu nusu. Mzee mmoja, rafiki yake wa shamba, akauliza kutoka alipokaa, bila ubaya, "Sasa mzee, huyo wa hisabati tumwite nani?"

Nilimwona Baba akitafuta jibu, nikamwonea huruma. Mtu aliyebishana na mvua, amesimama mbele ya watu wake hana neno! Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile, na sijamwona mwanamume mwingine mkubwa kama yeye.

"Mwiteni jina la mama yangu," akasema. "Ndilo nililompa."

Akaketi. Mchungaji akatangaza sadaka, kwaya ikaanza. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na Mama safari hii alikuwa na kitambaa mkobani. Tulipotoka, Baba alisimama pembeni ya ukuta, hakusubiri hata kusalimiana na watu kama kawaida yake.

"Mama," akaniita. "Dirisha si linafungwa kesho? Hiyo simu yako iko na chaji?"