Machine ya kamba ilijiwasha yenyewe

Bandugu, musikie hii ya leo.

Asubuhi tulikuwa kwa nyumba moja ya mtaa wa Golf, miye na yaya Odia, mukubwa wangu. Kazi yetu ni kupolisha magari kwa machine, yangae. Leo ilikuwa gari nyeusi, njo itabeba bibi-arusi.

Yaya alisema: "Tukamate machine ya batterie."

"Hapana, yaya. Ile inachoka mbio. Ya kamba, ya kuchomeka kwa umeme, iko na nguvu."

Nikaanza na capot, kile kifuniko cha mbele. Ilikuwa inangaa muzuri kabisa! Kisha courant ya umeme ikakatika.

Nikaacha machine juu ya capot, nikaenda kuleta ile ya batterie.

Sikuzima kitufe.

Papa wa bibi-arusi, baba yake, akatoka ndani ya nyumba, amevaa costume na cravate ya shingoni. Akainama juu ya capot kuangalia kazi yetu.

Courant ikarudia.

Machine ikaruka, ikakamata cravate, ikaanza kuizungusha. Papa akavutwa uso chini. Hata kulia hakuweza.

Miye, na ile ya batterie mukononi, nilikauka pale pale. Yaya njo alirukia prise ya ukutani, akangoa kamba.

Machine ikasimama.

Papa akafungua cravate polepole, akashika shingo yake. Nilikuwa nangoja matusi. Kusema kweli, niliyataka.

Akasema tu: "Leo miye njo napashwa kushika mukono ya mutoto wangu mpaka kanisa. Mumalize na ile ya batterie."

Tulimaliza.

Benye munafanya hii kazi: courant ikikatika, munazimaka kitufe kwanza? Mujibu kweli.