Makufuli Manne na Shikamoo Moja

Siku niliyotumwa Ilula kununua nyanya za harusi bado naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka mama yenu Salma ananiuliza kama uzee umeanza kunipanda kichwani. Ilinijia tena jana, uliponionyesha kwenye simu hilo gari lako unalotaka kuzunguka nalo nchi nzima, lenye kitanda, jiko na choo kabisa. Ukanionyesha kamera ya mbele na ya nyuma, na king'ora kinachopiga kelele mtu akigusa mlango. Nilikusifia, maana kazi ni nzuri. Lakini kuna kitu kimoja hukunionyesha, na mimi sikukitaja pale pale kwa sababu marafiki zako walikuwepo, na sipendi kumuumbua mtu mbele ya wenzake.

Nyinyi vijana mnadhani nyumba ya magurudumu imeanza na nyinyi. Mimi nimelala ndani ya nyumba ya magurudumu kabla hujazaliwa.

Nilikuwa fundi cherehani pale Mbeya mjini, na ndoa yetu ilikuwa haijamaliza mwaka. Nilinunua kibasi kilichochoka, nikang'oa viti vyote isipokuwa cha dereva na cha Salma. Nikaweka kitanda cha mbao, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili za maji, na cherehani yangu nikaifunga pale dirishani penye mwanga. Tukawa tunazunguka minadani, wiki hii Uyole, wiki ijayo Makambako, tunashona sare za shule na kupunguza suruali za watu. Salma akashona mapazia ya maua. Hakukiita gari hata siku moja, alikiita nyumbani.

Hofu yangu ilikuwa wezi. Sikuwa na kamera, kwa hiyo nilinunua makufuli manne, yale makubwa ya kufungia maghala. Mawili mlango wa abiria, moja mlango wa dereva, moja nyuma, yote yananing'inia nje ayaone kila mtu. Nikitembea, funguo zinalia mfukoni, na mimi najiona mtu mwenye akili nyingi. Salma alikuwa akinicheka. Aliniuliza mara moja kama nimeoa mke au nimeoa makufuli.

Sasa mdogo wake Salma, Zuhura, akapata mchumba, na harusi ikapangwa kufanyika kwao Iringa mjini. Gauni la bibi harusi nikapewa mimi nilishone. Elewa uzito wake, mwanangu. Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na kunipa binti yake aende akalale ndani ya kibasi kulimkaa kooni. Hakusema, lakini kila akikitazama kibasi kile alikuwa anaguna. Gauni lile ndilo lingemwonyesha kwamba mkwe wake ni fundi wa kweli na si mhuni mwenye usukani.

Siku moja kabla ya harusi tulikuwa tumeshafika Iringa. Gauni lilikuwa limekwisha, limebaki vifungo vya mgongoni na upindo. Baba mkwe akaniita. "Mwanangu, shuka Ilula ukatuletee nyanya za kachumbari. Za hapa mjini zimechoka." Nikaitikia haraka, maana hiyo ilikuwa mara ya kwanza ananituma.

Salma akaniambia, "Liache gauni hapa ndani."

Nikamwangalia kwa huruma. "Hapa? Nyumba imejaa watoto wenye mikono ya mafuta na kila chumba kina sinia la nyama. Ndani ya makufuli manne ndiko salama. Nitamalizia vifungo huko huko."

Basi nikaenda. Ilula unaijua, nyanya na vitunguu vimepangwa kando ya lami kwa mafungu na masanduku, na kina mama wamekaa nyuma yake wanaongea. Ukisimamisha gari tu wanakuja. Na hapa ndipo nilipofanya ujanja wangu. Baba mkwe alikuwa ameninong'oneza kwamba mashambani nyuma ya barabara bei ni laini zaidi. Nikajiambia nikiwasalimia hawa mama nimeshanunua, kwa sababu salamu itazaa mazungumzo, mazungumzo yatazaa nyanya. Kwa hiyo nikaegesha mbele ya meza zao, nikafunga mapazia yote, nikafunga makufuli yangu moja moja, nikayavuta kuhakikisha. Bibi mmoja mwenye kitambaa cha bluu kichwani akasema, "Kamwene!" Hiyo ni salamu ya Kihehe, na kuijibu ni neno lile lile moja tu. Mimi nikainamisha uso, nikajifanya natafuta kitu mfukoni, nikapita.

Neno moja tu, mwanangu. Bado linaniuma.

Kule shambani nilichagua nyanya kwa raha zangu, nikajaza sanduku, nikalibeba begani nikirudi huku napiga mluzi. Nilipofika barabarani mluzi ukakatika wenyewe. Mlango wa kibasi ulikuwa wazi. Makufuli mawili yalikuwa yamevunjwa na kupangwa kwa adabu kwenye ngazi, moja kando ya jingine. Ndani, cherehani hakuna. Kitanda kipo, jiko lipo, lakini lile bunda jeupe lililokuwa juu ya kitanda, gauni la Zuhura, hakuna.

Sikuifikiria cherehani. Nilimfikiria Zuhura akiamka kesho asubuhi akiulizia gauni lake, na baba mkwe akiguna. Nikapiga kelele, "Nani amevunja gari langu akachukua gauni la bibi harusi? Nyinyi mmekaa hapa mnaangalia tu?"

Yule bibi mwenye kitambaa cha bluu, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Bibi Anjelina, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. Akasema taratibu, "Gari lako? Mbona mwenye gari ametoka hapa sasa hivi."

"Mwenye gari ni mimi!"

"Hapana. Mwenye gari ni kijana mzuri, ametusalimia mmoja mmoja. Kaniambia kamwene bibi, habari za shamba. Akasema amegombana na mkewe, kaka wa mke kafunga gari kaondoka na funguo, na anahama na vitu vyake. Tumemwonea huruma."

Mama wa pili akaongeza, "Tumemsaidia kupakia kwenye mkokoteni wa Festo. Ile mashine nzito, ati!"

Bibi Anjelina akaendelea, bila haya yoyote, "Nyundo nimemwazima mimi, hii ya kupigilia masanduku. Kufuli nimemshikia mimi mwenyewe ili apige vizuri."

Nikaona uso wake unabadilika. Akageuka kutazama pale nyundo yake inapokaa siku zote, chini ya meza, akaona pako wazi.

"Yesu na Maria," akasema. "Ameondoka na nyundo yangu!"

Hapo sasa ndipo mambo yalipoamka. Kwa gauni langu walikuwa wananionea mashaka, lakini kwa nyundo ya Bibi Anjelina hakukuwa na mjadala. Alisimama, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti kuelekea juu ya barabara, "Mzuieni Festo! Kabeba harusi ya watu na nyundo yangu!" Mama wa meza inayofuata akaidaka sauti akaipeleka mbele, na wa mbele yake hivyo hivyo, kando ya lami yote, kutoka fungu la nyanya hadi fungu la vitunguu. Mimi nilikuwa nakimbia, na ile sauti ilinipita kama vile nimesimama. Bibi Anjelina naye alikuwa nyuma yangu, kandambili mkononi, na sikubaliani na wanaosema wazee hawakimbii.

Tuliukuta mkokoteni karibu na mahali mabasi yanaposimama, umezungukwa na wanawake. Festo, mwenye mkokoteni, mtu mzima mwenye familia yake, alikuwa ameinua mikono akiapa kwamba yeye amekodiwa tu. Cherehani ipo. Bunda lipo. Nikalifungua, gauni lilikuwa jeupe vile vile, halina hata doa. Nililia pale pale, mwanangu, mbele za watu, na wala sioni aibu kukuambia.

Yule kijana mzuri alikuwa amekwisha kutimkia mashambani. Nyundo alikimbia nayo mkononi, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kumfukuza mtu mwenye nyundo.

Tuliporudi kwenye kibasi nikamwambia Bibi Anjelina asante, tena nikamwambia shikamoo. Akakataa kuitikia kwanza. Akaokota kufuli moja lililovunjika, akalipima mkononi.

"Shikamoo yako ulikuwa umeiacha Mbeya?" akaniuliza. Wenzake wakacheka. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Mjukuu wangu, makufuli haya yametuambia kitu kimoja tu, kwamba mwenyewe hayupo. Hayakutuambia mwenyewe ni nani. Akaja mwingine akatuambia ni yeye. Wewe ungeitikia kamwene yangu, mimi ningeujua uso wako, na yule ningemkatalia hata jiwe, achilia mbali nyundo." Halafu ndipo akasema, "Marahaba."

Nilikaa pale kwenye kigoda chake, nikashona vifungo vya gauni katikati ya nyanya, kina mama wote wakikagua kila tundu la sindano. Mmoja aliniambia upindo umepinda upande wa kushoto, na kweli ulikuwa umepinda. Nikaufumua, nikaurudia. Kesho yake Zuhura alipoingia ukumbini, baba mkwe alimtazama, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza hakuguna. Kachumbari nayo ilisifiwa. Kuhusu mkokoteni nilimsimulia Salma tu, na yeye alinifichia kwa wiki nzima, ambayo kwa Salma ni muda mrefu sana.

Tukiwa njiani kurudi Mbeya tulisimama Uyole ili tupande kwa miguu kumwona rafiki yake Salma. Kabla sijagusa kufuli hata moja, nilimwendea mama aliyekuwa anauza viazi pale jirani. Nikamsalimia, nikamwambia jina langu, nikamwonyesha mke wangu, nikamwambia tunarudi jioni. Salma akaacha kandambili zake na viatu vyangu vya mvua kwenye ngazi ya kibasi, kama mtu aliyeko ndani. Mapazia tukayaacha nusu wazi ili ionekane hakuna cha kutamani. Tuliporudi, yule mama wa viazi alikuwa amekihamishia kigoda chake mlangoni kwetu.

"Kuna mtu amekuja kupiga hodi," akasema huku anamenya kiazi. "Nimemwitikia mimi. Nikamuuliza anamtaka baba au anamtaka mama. Hakujua ajibu lipi, akaondoka."

Kwa hiyo, mwanangu, funga gari lako. Sikukatazi king'ora, na kamera zako ziache zilivyo. Egesha mahali penye watu na penye mwanga, usitafute kona ya peke yako kwa sababu ni tulivu, maana utulivu huo hata mwizi anaupenda. Simu na mkoba visibaki juu ya kiti. Kitu cha mtu mwingine ulichoaminiwa, usikibebe kwenda nacho sokoni kwa sababu tu una kufuli kubwa. Jiulize pia gari lako linasema nini wewe ukiwa umeondoka, kwa sababu linasema. Viatu mlangoni vinasema mtu yupo. Kufuli la nje linasema hayupo.

Lakini kabla ya hayo yote, shuka. Wewe na wenzako mna tabia ya kufika mahali mkabaki ndani mnatazama simu, halafu mkatoka mkiwa mmevaa miwani ya jua na vitu masikioni. Toa hivyo vitu. Kama ni Iringa sema kamwene, kama ni kwetu Mbeya salimia kwa Kinyakyusa hata ukikosea, watakucheka na wakikucheka wamekukumbuka. Kwa aliyekuzidi umri, shikamoo isikawie. Na wala usisalimie kwa sababu unataka mlinzi wa bure, watu wanajua tofauti. Salimia kwa sababu umesimamisha nyumba yako mbele ya nyumba zao. Hicho ndicho nilichokosa kukiona kwenye simu yako jana: kamera zote zinawatazama watu, na wewe hujapanga kuwatazama hata kidogo.

Safari iliyofuata nilimpelekea Bibi Anjelina nyundo mpya, ya mpini mwekundu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Na hii tukavunjie nyumba ya nani?" Nadhani kicheko chake kilifika Iringa. Ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, lakini binti yake anakaa kwenye meza ile ile na nyundo ile ile iko chini ya meza.

Utapita hapo kwenye safari yako. Sitakupa barua, na sitapiga simu kukutambulisha. Shuka tu, msalimie, kisha mwambie wewe ni mtoto wa fundi wa vifungo, jina walilonipa pale. Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akulinde na mashimo ya barabarani na watu wenye nia mbaya, akupe usingizi mzuri kila utakapoegesha, na kila mlango wako utakapopigwa hodi wewe hupo, ajaalie awepo mtu anayekujua wa kuitikia karibu.